Tusi na Neno Linaloua

Soma Mathayo 5:21, 22. Yakobo 3:9, 10. Kwa nini Yesu aliunganisha maneno na uuaji?

Mtu akijikwaa sokoni Kisesa akatukana, amekichafua kinywa chake, anahitaji kutubu. Lakini anayemnyooshea kidole bibi kizee mwenye macho mekundu na kusema, "Huyo ni mchawi," hajatukana, ila amewapa wengine sababu ya kumwua. Usukumani vikongwe wengi wamekatwa mapanga kwa neno hilo, ingawa mara nyingi wekundu ule huletwa na moshi wa jikoni. Neno la chuki humvua mwenzako sura ya Mungu machoni pa watu.

Je, neno kama hilo limewahi kusemwa mbele yako, ukanyamaza? Utafanya nini likisemwa tena?