Jinsi ya kuifuatilia Mira bila darubini

Kila anayeniuliza aanze vipi kutazama nyota hutaka kwanza kujua bei ya darubini. Darubini ingoje. Tafuta daftari, penseli na uwanja usio na taa, kisha uanze na Mira, nyota ya kundinyota la Nyangumi. Kwetu tulio karibu na ikweta hupita karibu na utosi. Katikati ya Desemba huwa huko juu mnamo saa tatu usiku.

Mimi huanzia kwenye Kilimia. Nyoosha mkono, kunja ngumi, upime ngumi mbili na ushei kwenda kusini, ukiegemea magharibi kidogo. Utakutana na Menkar, nyota ya rangi ya chungwa. Kutoka hapo zidi kupinda magharibi: utaipita Delta Ceti iliyo hafifu, na Mira iko mbele yake. Usipoiona, si lazima uwe umepotea njia. Kuna miezi macho matupu hayaipati kabisa.

David Fabricius, mchungaji wa Ujerumani, aliiona mwaka 1596, ikafifia, ikatoweka. Mwaka 1638 Johannes Holwarda wa Uholanzi akabaini kwamba hurudi kila baada ya miezi 11 hivi. Leo tunahesabu wastani wa siku 332. Ndiyo maana kilele chake huwahi kwa takriban mwezi mmoja kila mwaka. Kikiangukia Aprili au Mei, Jua huwa upande huohuo wa anga, na hapo hatuna la kufanya.

Mng'ao wa nyota huandikwa kwa namba, na namba ndogo ndiyo nyota angavu. Menkar ni 2.5, Gamma Ceti 3.5, Delta Ceti 4.1. Ukiona Mira iko katikati ya hizo mbili za mwisho, andika 3.8, pamoja na tarehe na saa. Rudia kila wiki. Ila usiikodolee: nyota nyekundu hulihadaa jicho, ukizidi kuitazama nayo huonekana ikizidi kuwaka. Tupa jicho, hamia kwa jirani yake, urudi.

Namba zako zitakuwa zinafuata mapigo ya jitu jekundu lililo umbali wa miaka ya nuru 300 hivi. Uzito wake hauzidi sana ule wa Jua, lakini upana wake ni zaidi ya mara 300. Lingewekwa mahali pa Jua, Dunia ingekuwa tumboni mwake. Tabaka la hidrojeni lililo chini ya uso huzuia joto lisitoke, msukumo unapanda, nyota inatanuka. Joto likishapenya, uvutano unaikunja tena. Cha ajabu ni kwamba haing'ai zaidi inapokuwa kubwa zaidi. Ikitanuka hupoa, nuru yake nyingi huwa ya infraredi tusiyoiona, na molekuli za oksidi ya titani humeza sehemu kubwa ya iliyobaki. Kwa hiyo kutoka 3 hushuka hadi 9.

Ikishapita 6 ndipo darubini ndogo ya mkono inapokuwa na kazi. Kumbukumbu zako wapelekee AAVSO, chama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1911. Hupokea za mtu yeyote. Tafadhali andika ulichokiona, si ulichokitarajia.