Unataka Kazi ya Kulinda Majengo ya Kale? Anzia Hapa

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba hilo la Sultani Barghash lilijengwa mwaka 1883, na siku hiyo lilikuwa kwenye ukarabati. Mji wenyewe ulikuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Lamu iliingia mwaka 2001, Fort Jesus ya Mombasa mwaka 2011, na Gedi mwaka 2024. Sifa hizo ni njema, lakini orodha haishiki mwiko. Wanaohitajika ni watu wenye ujuzi, nao ni wachache kuliko majengo yanayowasubiri.

Vijana hupenda kuuliza, "Nisome nini?" Kwangu mimi swali la kwanza ni jingine: uko tayari kushika chokaa?

1. Tafuta fundi kabla ya kutafuta chuo

Kuta za Mji Mkongwe na Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Ukuta wa namna hiyo hufyonza unyevu na kuutoa. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea. Chumvi hujikusanya ndani, jiwe humomonyoka, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huanza kuoza. Mwanzoni ukuta unapendeza. Baadaye plasta inabanduka, nayo inaondoka na vipande vya jiwe.

Fundi anayejua chokaa anajua jiwe linavyochomwa tanuuni, linavyozimwa kwa maji, na kwa nini chokaa huachwa ikomae kabla ya kutumika. Anaujua mchanga mzuri kwa kuusugua kiganjani. Ujuzi huo haumo vitabuni kwa ukamilifu, na wengi walio nao ni wazee. Msanifu aliyewahi kuchanganya chokaa kwa mikono yake hataandika "saruji" kwenye mchoro wa nyumba ya matumbawe. Kwa hiyo mwendee fundi, mwamkie kama unavyomwamkia mzee wako, umwombe akupe kazi ya kubeba ndoo. Nenda pia kwa maseremala wa milango ya nakshi, hasa ukiwa Lamu, ambako karakana za uchongaji bado zinapokea wanagenzi.

2. Pima chumba kimoja, ukichore

Futi kamba, timazi, penseli na karatasi vinatosha. Chora ramani ya chumba, ukuta wenye zidaka, mlango, ngazi. Utagundua kwamba vyumba vya nyumba za kale za pwani ni vyembamba na virefu, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Hakuna hotuba itakayokufundisha hilo vizuri kama kipimo ulichokichukua mwenyewe.

Ukishazoea mkono, ingia kwenye teknolojia. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima kwa mashine za leza magofu ya Kilwa, Songo Mnara na Gedi, na picha zake za pande tatu ni darasa zuri la namna kumbukumbu ya jengo inavyotengenezwa. Siku jengo likianguka, vipimo kama hivyo ndivyo vitakavyosema lilikuwaje.

3. Chagua kozi kwa kazi ya kila siku

Ukipenda kuchimba na kuchambua vigae, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia na masomo ya urithi. Ukipenda michoro na mipango ya miji, nenda Chuo Kikuu Ardhi. Nairobi utapata njia zote mbili, akiolojia na usanifu majengo. Wanakemia, wahandisi, wahasibu na wanasheria nao wana nafasi, maana mbao zinaliwa na mchwa, paa linahitaji hesabu za uzito, na kila mradi una bajeti.

4. Kama ulisoma Kurani chuoni kwa maalimu, una mtaji

Naomba wasomaji wa pwani walichukue hili kwa uzito. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu, na hati za zamani za umiliki, barua na wosia ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, mara nyingine kwa Kiswahili chenyewe. Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani, zina hazina ya aina hiyo. Mtafiti kutoka mbali hutumia miaka kujifunza kusoma herufi hizo, ujuzi ambao mtoto wa Unguja au Lamu aliupata kabla ya kumaliza shule ya msingi. Ongeza juu yake namna ya kutunza karatasi kuukuu na kuorodhesha kumbukumbu, na utakuwa na ujuzi ambao watu wachache sana duniani wanao.

5. Zijue sheria

Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda moja kwa moja vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Kwa Kenya, Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inautumia mwaka 1895. Jengo la baadaye, kama yale ya Wajerumani jijini Dar es Salaam, linahitaji kutangazwa rasmi ndipo lilindwe. Mtu anayeweza kuandaa historia, picha na michoro ya kuunga mkono tangazo hilo anafanya kazi ya uhifadhi hata kama hajawahi kupanda jukwaa la waashi.

6. Bisha mlango sahihi

Zanzibar kuna Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985. Kenya ni Makumbusho ya Taifa, yenye ofisi hadi Lamu. Dar es Salaam nenda DARCH, kituo cha urithi wa usanifu kilichomo ndani ya Old Boma ya enzi za Sultani Majid. Andika barua fupi: wewe ni nani, unaweza nini, unataka wiki ngapi. Barua inayosema "naweza kuchora na kupima" husomwa haraka kuliko inayosema "napenda sana historia".

7. Usiishie pwani

Makaburi ya Kasubi jijini Kampala yaliungua Machi 2010. Kuyarudisha kulitaka watu wanaojua kufunga matete na kuezeka kwa nyasi kwa kufuata mila za Buganda, na mwaka 2023 yakaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Nyumba za tembe za katikati ya Tanzania nazo zinahitaji wanaojua udongo.

8. Andaa pasipoti, na Kifaransa kidogo

ICCROM, kituo cha kimataifa cha uhifadhi kilichoko Roma, huendesha kozi za wataalamu na ina mpango maalumu wa vijana wa Afrika. Mfuko wa Urithi wa Dunia wa Afrika, wenye makao Afrika Kusini, nao hutoa mafunzo. Kwa majengo ya udongo, jina kubwa ni CRAterre ya Grenoble, Ufaransa. Kwa makumbusho, kuna shule ya EPA huko Porto-Novo, Benin. Wasomaji wa Bujumbura, Goma na Lubumbashi wanaanza na faida ya lugha, waitumie. Kozi nyingine zina ada na nyingine hufadhiliwa, kwa hiyo soma masharti hadi mstari wa mwisho, na usimlipe wakala anayekuahidi nafasi.

9. Jitolee kwa makubaliano

Kujitolea ni mlango mzuri, tena UNESCO ina mpango wa wanaojitolea kwenye maeneo ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2008. Ila kubalianeni mapema kuhusu nauli, chakula, kofia ngumu, na nini utajifunza. Miezi sita ya kufagia vumbi bila kufundishwa lolote ni unyonyaji, na una haki ya kuondoka.

Piga picha kila hatua ya kazi yako, kabla, katikati na baada, uandike tarehe na jina la fundi aliyekuongoza. Hilo faili ndilo utakaloonyesha ukiomba kazi.

Kama uko Unguja, Mombasa, Lamu au Kilwa, usisubiri tangazo la ajira. Nenda ofisi ya uhifadhi wiki hii, uliza ni jengo gani linakarabatiwa, na uombe ruhusa ya kumsaidia fundi.