Mtu Asiyejali Haki za Wenzake

Katika mji hakosekani mtu ambaye wote wamemchoka. Hukopa asilipe, huahidi asitimize, hupiga asijute, na akiulizwa humlaumu yule aliyeumizwa. Wengine husema ana wazimu, wengine husema hakufunzwa na mamaye. Yafaa tuyapime maneno haya, maana tusipolifahamu jambo lenyewe, ama tutamdhulumu yeye, ama tutawaacha watu wa nyumbani mwake wadhulumiwe.

Wazimu sio. Mwenye wazimu aweza kusikia sauti zisizokuwapo. Huyu akili zake ni timamu, naye ajua sana lililokatazwa. Mwaka 1941 tabibu Hervey Cleckley wa Marekani alitoa kitabu cha habari za watu wa namna hii: maneno yao matamu, nyuso zao kunjufu, walakini ndani hamna haya wala majuto. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa nchi ile waliweka kanuni za kuutambua ugonjwa huu wa nafsi. Mtu haitwi hivyo kabla hajatimiza miaka 18. Tena sharti matata yake yawe yalianza kabla ya miaka 15. Basi aliyeharibika juzi tu kwa ajili ya pombe hayumo.

Je, mtoto mwenye matata ndiye atakayekuwa mtu huyo? Hapa twamshukuru Bibi Lee Robins. Katika kitabu chake cha mwaka 1966 alieleza jinsi walivyotafutwa watu 524 ambao miaka 30 nyuma, wakiwa watoto, walipelekwa kwa matabibu katika mji wa St. Louis. Aliona ya kuwa watu wazima wenye tabia hii karibu wote walianza utotoni. Lakini watoto wengi wenye matata hawakuwa hivyo walipokua! Kwa hiyo mwalimu amwambiaye mtoto wa miaka tisa, "Wewe utakufa gerezani," anena asilolijua.

Asili yake ni mambo mawili yaliyochanganyika: mengine mtu huzaliwa nayo, mengine hutoka katika malezi, kama kupigwa mno na kutupwa. Wanaume wapatikanao nayo ni wengi kuliko wanawake. Dawa ya kuuponya haijapatikana, ijapokuwa wengi hutulia kidogo wapitapo miaka 40.

Wazee wa usharika hujaribiwa zaidi na machozi ya mtu huyu. Hulia vizuri, nao humrudisha mke kwake siku ile ile. Sisi twaona si vema. Kwanza aliyepigwa awe mahali pa salama, na deni lilipwe mbele ya mashahidi. Maneno yake yapimwe kwa miezi, si kwa saa. Na mtoto aumizaye wanyama na wenziwe, wazazi wake wasaidiwe mapema kumwongoza kwa amri chache zisizogeuka, na kumsifu atendapo vema, maana umri ule ndio ambao msaada hufaa zaidi.