Darsa la Ramadhani, siku ya 14: Shahidi wa asichokiona

Ndugu zangu wa Nachingwea na Ruangwa,

Kuna filamu ya zamani ya Kimarekani, 12 Angry Men, ya mwaka 1957. (Mtauliza filamu inaingiaje kwenye darsa, subirini kidogo.) Kijana anashtakiwa kumuua baba yake. Mzee mmoja ameapa mahakamani kwamba alisikia kishindo, na ndani ya sekunde 15 akawa mlangoni, akamwona kijana anakimbia. Watu 12 wanaoamua kesi wanapima: mzee anaburuta mguu, inamchukua zaidi ya sekunde 40. Mmoja wao anahisi kwamba mzee hakumchukia kijana. Alitaka tu, mara moja maishani, watu wamsikilize.

Hiyo ni ya kutungwa. Huku kwetu shahidi ana mzigo mkubwa zaidi: ukoo. Kesi ya mpaka wa shamba la mikorosho, mjomba anakwambia, "Wewe sema tu ulimwona babu ananikabidhi." Hukuona. Lakini huku mjomba ni mjomba, na pengine ndiye aliyekusomesha. Unakataaje?

Fungua Suratun Nisaa, aya ya 105 na kuendelea. Wafasiri wanasimulia kuwa Madina deraya iliibwa, lawama ikasukumiwa Myahudi, na jamaa wa mwizi wakaja kwa Mtume (s.a.w.) kumtetea mtu wao. Yule alihesabiwa Mwislamu, na ana ukoo nyuma yake. Aya zikashuka kumsafisha Myahudi. Mbele kidogo, aya ya 135, tunaamrishwa kutoa ushahidi wa haki hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa.

Na hakimu je? Katika hadithi ya Ummu Salama, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa yeye ni binadamu, anahukumu kwa anachosikia, na huenda mmoja akawa hodari wa kujieleza kuliko mwenzake. Aliyepewa haki ya ndugu yake kwa njia hiyo amekatiwa kipande cha moto. Mtume mwenyewe! Sasa sisi tunasema "nilishinda kesi", tunaonyesha nakala yenye mhuri, tunaokota korosho za mtu.

Kama umeombwa ushahidi baada ya Idd, mwendee mjomba leo kabla ya futari. "Shikamoo mjomba. Nitasema nilichokiona, basi." Atanuna. Lakini nafasi ipo, maana siku hizi baraza la kata kwenye mambo ya ardhi linasuluhisha tu, halihukumu. Mkae na wazee na majirani, mtembee mpaka wenyewe, mkorosho kwa mkorosho.

Mwenye swali tuonane baada ya Tarawehe.