SOMO LA MWEZI: KUTAZAMA BILA KUHARIBU



Watu wa kisiwa cha Wasini, ng'ambo ya Shimoni huko Kwale, ni wavuvi tangu zamani. Serikali ilipotenga hifadhi ya bahari ya Kisite na Mpunguti miaka ya 1970, uvuvi ulikatazwa kabisa upande wa Kisite. Upande wa Mpunguti waliachiwa kuvua kwa njia za kienyeji tu. Hebu fikiri ukiambiwa shamba lako usilime, ulitazame tu! Utakula nini?

Na huko kuna nini cha kutazama? Kuna pomboo, kasa, samaki wa rangi nyingi na matumbawe. Matumbawe yanafanana na mawe, lakini hujengwa na wanyama wadogo sana, na ndiyo nyumba ya samaki. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Kenya yakafa. Ndiyo sababu mgeni hakanyagi.

Kisiwani Kisite kuna ndege wa bahari, kama shakwe na buabua. Buabua hutaga mayai chini, wazi kabisa. Mtu akimkaribia, yeye huruka, na mayai yanachomwa na jua. Basi atazamwe kwa mbali.

Akina mama wa Wasini walifanyaje? Kijijini kwao kuna matumbawe ya kale yaliyobaki juu ya nchi, karibu na mikoko. Waliunda kikundi, ikawekwa njia ya mbao juu yake. Mgeni analipa kiingilio, anatembea bila kuharibu, na mapato yanasaidia kijiji, pamoja na masomo ya watoto. Kukataza peke yake kungewaachia wenyeji hasara tupu.

Sisi wa Kamukuywa hatuna bahari, lakini mto wetu unaingia Nzoia, na Nzoia inaingia Ziwa Viktoria. Na pale Saiwa, karibu na Kitale, hifadhi ya taifa tangu 1974, watu hutembea kwa miguu na kupanda minara ya mbao kumwona sitatunga, yule swala wa kinamasi.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Wawili wenu wakae kando ya mto asubuhi moja, kimya, waandike ndege waliowaona. Ni wangapi? Wapi wanataga?
2. Tukikubaliana kutolima ukingoni, ni nani atapata hasara?
3. Huyo kikundi kitampa nini: miche, mizinga ya nyuki, au nini?