Msichana wa jirani ameacha shule? Anzia hapa

Mwaka 2016 mwanasheria kijana wa Kitanzania, Rebeca Gyumi, alifungua kesi Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971. Vifungu hivyo vilimruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, huku mvulana akisubiri mpaka 18. Gyumi akashinda. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani nayo ikampa haki.

Msichana akiozwa mapema hukatizwa masomo, kwa hiyo kazi kama ya Gyumi inahitaji watu wa kuimalizia mtaani, na hapo ndipo unapoingia wewe. Kusema kila msichana ana haki ya kusoma ni mwanzo mzuri. Sasa chagua msichana mmoja unayemfahamu na umfuatilie hadi akae darasani. Hizi ndizo hatua.

Jua amekwama wapi

Muulize yeye mwenyewe. Usitegemee maneno ya mtaani. Nenda na mwanamke anayemwamini: dada, shangazi au mwalimu wa kike. Swali liwe moja: "Ni kitu gani kikiondoka, kesho unarudi shule?" Huenda ni mimba, posa, sare, umbali, au amepelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Kila sababu ina mlango wake, kwa hiyo usibishe hodi popote kabla hujapata jibu.

Anza na mwalimu

Kama jina lake bado liko kwenye daftari la mahudhurio, njia ni fupi. Muone mwalimu wa darasa, kisha mkuu wa shule, ukiwa na mzazi au mlezi. Ikishindikana hapo, panda kwa afisa elimu kata. Kila unapotoka ofisini, andika tarehe, jina la uliyeongea naye na alichoahidi. Ukirudi na daftari hilo mkononi, hakuna wa kukuzungusha kirahisi.

Kama amejifungua

Tanzania iliruhusu Novemba 2021 wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito warudi kwenye shule za kawaida. Utaratibu unatoa miaka miwili tangu alipoacha, kwa hiyo usisubiri muhula upite. Ukisikia "huyu hana nafasi tena," taja Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 na uombe jibu kwa maandishi.

Kabla hajarudi, kaeni na familia mpange malezi ya mtoto. Nani atakaa naye asubuhi? Mama atanyonyesha saa ngapi? Mtoto akiugua, nani atampeleka zahanati? Mambo haya yasipopangwa mapema, mama atakuwa nje ya darasa tena ndani ya wiki chache.

Muda ukiwa umeshapita, au akiwa hataki kuvaa sare tena, nendeni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Ina vituo mikoani. Atasoma nje ya mfumo rasmi, afanye Mtihani wa Maarifa, ule unaoitwa QT, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ulizeni mapema gharama zake, na kama ipo nafasi ya bure.

Kama posa imeletwa

Fanya haraka, ila kwa utulivu. Mtafute kwanza mtu anayesikilizwa ndani ya ukoo: bibi, mjomba, shehe, mchungaji. Mara nyingi neno la huyo linatosha kuahirisha mahari.

Mwambieni mzazi ukweli bila kumtisha. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inasema anayeoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Anayesaidia kuipanga ndoa hiyo naye ana kosa. Wazazi wengi hawalijui hilo.

Wakikataa, nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Kama ndoa iko karibu au msichana anapigwa, piga 116. Ni namba ya bure ya kumsaidia mtoto, na Kenya pia ipo.

Kama ni pesa

Ada katika shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, kisha kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Sare, viatu, madaftari na nauli vimebaki kwa mzazi. Kaa na mama yake mwandike orodha, kila kitu na bei yake ya sokoni.

Kisha omba kitu badala ya fedha taslimu. Fundi cherehani ashone sketi. Kikoba cha akina mama kinunue viatu. Wewe leta madaftari. Mtu hutoa upesi akijua mchango wake ni kitu gani hasa.

Kama ni umbali

Tafuta wenzake wa njia moja watembee pamoja, kwa wakati mmoja, kwenda na kurudi. Akilazimika kupanga chumba karibu na shule, ulizia kwanza hosteli ya shule au familia ya kuaminika. Geto lisilo na mtu mzima limewakatizia masomo wasichana wengi. Dereva wa bodaboda anayejitolea kumpeleka bure kila siku naye afuatiliwe kwa macho mawili.

Kama ni hedhi

Wapo wanaokosa shule kila mwezi kwa kukosa taulo za kike. Muulize mwalimu wa malezi kama shule ina akiba. Kagua na choo: kina mlango unaofungwa? Kina maji? Peleka hoja hiyo kwenye kamati ya shule, au bodi kama ni sekondari, na uombe waseme kitarekebishwa lini.

Ukisimama kwenye mkutano

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Muombe mwenyekiti akuweke kwenye ajenda. Zungumza kwa dakika chache. Sema wasichana wangapi wameacha shule kwenye kitongoji chako, idadi uliyoihesabu mwenyewe pamoja na walimu. Omba jambo moja tu, lenye mtu wa kulitekeleza na tarehe. Hakikisha limeandikwa kwenye muhtasari, na mkutano unaofuata uliza limefikia wapi.

Mlinde jina lake

Usimtaje hadharani. Usimpige picha akipokea sare. Usitume habari zake kwenye makundi ya WhatsApp, hata kwa nia njema. Ni mtoto, na ataishi na simulizi hiyo miaka mingi. Hata ukiombwa mfano kwenye mkutano, toa idadi na sababu. Inatosha.

Akirudi, baki naye

Wiki za mwanzo ni ngumu. Atachekwa, atakuwa nyuma kwenye hesabu, na nyumbani vyombo vitamsubiri. Zungumza na mama yake ili msichana apate muda wa kusoma kila jioni, kukiwa na taa. Mtafutie mwenzake wa darasani wa kumwelekeza. Pita shuleni uulize mahudhurio yake. Akikosa siku mbili mfululizo, nenda nyumbani siku hiyohiyo.

Leo, kabla hujalala, andika jina la msichana mmoja, sababu iliyomtoa shule na ofisi utakayoanza nayo. Kesho asubuhi nenda. Huyo akishatulia darasani, anza na wa pili.