KABLA HUJAJIBU "PWEZA WAPO", ANGALIA MWEZI

Wauzaji wenzangu mnaopokea oda za hoteli na nyumba za wageni kule Paje na Jambiani, hii ni yenu.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ni bamvua. Maji yanakupwa mbali, miamba inabaki wazi, pweza wanapatikana. Siku za maji mafu wanaadimika.

Mimi nafanya hivi:
1. Oda kubwa za pweza nazipanga siku za bamvua.
2. Maji mafu natangaza samaki, kama changu.
3. Picha napiga leo leo: macho maangavu, mashavu mekundu.

Mpishi akishaandika pweza kwenye menyu halafu ukamkosesha, kesho anampigia mwingine.

Wewe unapangaje oda zako? Andika hapo chini.